Kwa Mangi wa Pasua, Moshi: Duka Lililogeuza Mizani Yake

Duka hili halina ubao wa jina. Lipo Pasua, ndani ya Manispaa ya Moshi, kwenye kona ambapo njia ya vumbi inayotoka kwenye makazi inakutana na barabara ya bajaji, na mtoto yeyote wa mtaa atakuelekeza ukimwuliza "kwa Mangi", kama maduka ya rejareja yanavyoitwa karibu kila mji wa Tanzania ambako Wachaga wamefungua biashara. Neno hilo lilikuwa la watawala wa mlima huu wa Kilimanjaro, kina Mangi Meli wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na leo limebaki kuwa jina la heshima kwa mtu anayekaa nyuma ya nondo akipima unga. Nalitaja kwa sababu nitamwita mwenye duka hivyo hivyo hadi mwisho wa tathmini hii. Jina lake halisi silitoi, wala hahitaji kutangazwa.

Nimekuwa mteja wake tangu mwaka 2004 nilipohamia Pasua kufundisha shule ya msingi. Kama ningeandika tathmini hii mwaka 2016, ningewashauri wasomaji watembee dakika ishirini zaidi wakanunue kwingine. Leo nashauri kinyume chake, na ni haki niseme sababu zote mbili, kwa kuwa anayesifu duka bila kueleza lilikotoka anawadanganya wale waliowahi kuumizwa nalo.

Katika miaka ile bidhaa hazikukosekana, ila kipimo chake hakikuaminika. Mizani ya saa ilikaa ndani kabisa, uso wake ukimtazama yeye, nasi tukiona mgongo wake tu. Kopo la kupimia mafuta ya kula lilikuwa limebonyezwa kitako kwa ndani, na yeyote aliyewahi kununua mafuta ya kupima anajua maana ya kopo la namna hiyo: kila mnunuzi anaacha dukani kijiko kimoja au viwili ambavyo amevilipia, na vijiko hivyo vikikusanywa kwa mwezi vinakuwa dumu. Chenji ya shilingi mia ilirudi kama pipi mbili, hata kwa bibi mmoja jirani yetu ambaye mtaa mzima ulijua kwamba ana kisukari. Saa tatu kamili usiku taa ilizimwa, na mtu aliyebisha hodi dakika tano baadaye akitafuta Panadol ya mtoto mwenye homa alisikia komeo likisukumwa.

Kilichoumiza zaidi ya vyote kilikuwa boksi. Kwenye nondo alining'iniza kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mzito WADAIWA SUGU, na chini yake yakafuata majina na kiasi anachodaiwa kila mtu. Jina langu lilikaa hapo siku kumi na moja mwaka 2013 kwa ajili ya shilingi 3,400, mwezi ambao ada ya mwanangu ilimaliza mshahara, na wanafunzi wangu walilisoma kila walipotumwa chumvi. Nililipa. Sikumsalimia kwa muda mrefu baada ya hapo, na hakuonekana kugundua.

Kisha ikaja sukari ya mwaka 2016. Ilipoadimika nchini na serikali ikatangaza bei elekezi ya shilingi 1,800 kwa kilo, Mangi alituambia kwa wiki kadhaa kwamba hana hata punje. Kijana aliyekuwa akimbebea mizigo ndiye aliyetueleza baadaye kwamba mifuko ilikuwa imepangwa chumba cha nyuma ikisubiri bei ipande, na kwamba ilitoka usiku kwenda kwa wenye migahawa. Tunakaa mwendo mfupi kutoka mashamba ya miwa ya TPC, ambayo yamekuwa yakitoa sukari tangu miaka ya 1930, na bado watoto wa Pasua walikunywa uji wa chumvi ilhali ukuta mmoja tu uliwatenga na sukari.

Mke wake alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alifuga kuku nyuma ya nyumba, na kwa fedha ya mayai alilipa michango ya kikundi chetu cha kufa na kuzikana kwa miaka mingi bila mumewe kujua, kwa sababu mume alishasema waziwazi kwamba fedha inayopelekwa msibani hairudi. Mwezi Juni 2022 mama huyo alifariki. Tulikwenda wote. Turubai, viti, masufuria na kuni vilitoka kwenye kikundi. Wanawake wa mtaa walipika na kuosha vyombo siku nne. Na siku ya mazishi tulijaza Coaster mbili kumpeleka kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, upande wa Kibosho, ambako alilazwa kati ya migomba na mibuni kama ilivyo desturi ya Wachaga. Mangi alikuwa na umri wa miaka 68. Nakumbuka alikuwa akitazama watu wanaoshuka kwenye magari kama mtu anayehesabu na hesabu inamkataa.

Baada ya matanga, mweka hazina wa kikundi alimkabidhi daftari la rambirambi, ambalo ni kaunta buku ya kawaida yenye safu mbili, jina na kiasi. Mtu aliyekuwa ametumia zaidi ya miaka thelathini kusoma daftari la madeni alilisoma hili kwa namna ile ile, mstari kwa mstari, usiku kucha. Alikuta jina la fundi cherehani ambaye yeye Mangi aliwahi kumnyima robo ya unga kwa mkopo. Akakuta la bibi mwenye kisukari, shilingi 2,000. Akakuta langu. Karibu kila jina lililowahi kukaa kwenye boksi lake lilikuwa humo, na baadhi ya watu hao, kwa hesabu zake mwenyewe, walikuwa bado wanamdai chenji.

Alichofanya baada ya hapo kilituudhi wengi, lakini bila kukieleza siwezi kueleza duka lilivyo leo. Alianza kupita nyumba kwa nyumba akiwa na daftari na bahasha, akitaka kumrudishia kila mtu rambirambi yake kamili, ili apige mstari juu ya jina kwamba deni limekwisha. Hakuwa na nia mbaya. Aliamini kwamba mtu mwenye heshima hakai na fedha za watu, na tendo la kupewa kitu ambacho hukukiomba na hutakidaiwa hakuwa na neno jingine la kuliita zaidi ya deni. Nyumba ya kwanza walimfungia mlango wakidhani amekuja kuwatukana. Kwangu alikaa kwenye kiti akahesabu shilingi 5,000 juu ya meza, nami nikamwambia azirudishe mfukoni kabla sijasema neno nitakalolijutia.

Aliyemwelewesha ni yule bibi. Mangi alipomwamkia shikamoo na kumnyooshea noti, bibi aliitika marahaba, akamkaribisha aketi, akampa chai isiyo na sukari kama anavyokunywa mwenyewe, akamwambia: "Mangi, hii huilipi kwangu. Akifiwa mwingine, utakwenda kwake." Mangi akamwuliza aende na kiasi gani. Bibi akamjibu: "Nenda kwanza. Kiasi utakijua ukifika." Mazungumzo hayo nimeyasikia kutoka kwa wote wawili, na wanayasimulia sawasawa, isipokuwa kwamba Mangi huongeza kwamba alilia na bibi hulikwepa jambo hilo.

Msiba uliofuata ulikuwa wa mtoto wa muuza mkaa, mwezi Septemba mwaka ule ule. Mangi alifika akasimama karibu na lango bila kujua pa kukaa, kwa kuwa mtu ambaye hajawahi kukaa msibani hajui hata benchi la wanaume huwekwa upande gani. Kijana mmoja alimpisha. Alikaa mpaka jioni bila kusema kitu, na kesho yake asubuhi akaleta nusu gunia la mchele begani mwake mwenyewe. Sijawahi kuona mzee akijifunza jambo kwa shida kama ile, wala kwa bidii kama ile.

Dukani, mizani ndiyo iliyobadilika kwanza. Sasa imewekwa juu ya kaunta karibu na nondo, uso wake ukitutazama sisi wanunuzi, na stika ya Wakala wa Vipimo ikisomeka bila kuinama. Kabla ya kupima huweka sahani tupu na kungoja mteja aone kwamba mshale umekaa kwenye sifuri, jambo ambalo hakuna aliyemwomba alifanye. Kopo lililobonyea halipo tena. Kwa ajili ya tathmini hii nilinunua mara tatu kwa siku tofauti, mara moja nikimtuma mtoto asiyejua chochote, kisha nikapima nyumbani kwa mizani ninayotumia kuokea mikate: kilo ya mchele ilizidi kidogo, nusu ya maharage ilikuwa sawa, na robo ya sukari aliyoleta mtoto ilikuwa gramu 255. Hiyo ya mtoto ndiyo niliyoitaka, maana mfanyabiashara asiye mwaminifu huanza na watoto.

Chenji sasa ni sarafu, hadi ile ya shilingi 50. Kwa kuwa sarafu ndogo ni adimu, asubuhi huenda mwenyewe kubadilisha noti kwa makondakta wa daladala na kurudi na kopo lililojaa. Pipi bado anauza, kwa anayezitaka. Kubisha hodi usiku kunaruhusiwa kwa dawa na mishumaa, na ameweka kengele ya baiskeli mlangoni kwa ajili hiyo.

Kuhusu mikopo, daftari bado lipo, na naona ni sawa liwepo, kwa sababu duka la mtaji mdogo likigawa bidhaa ovyo litafungwa na mtaa mzima utabaki bila duka. Kilichobadilika ni namna ya kudai. Kila nyumba anayoifahamu hukopeshwa hadi shilingi 20,000 mpaka mwisho wa mwezi, na mtu akichelewa, Mangi humngoja mteja wa mwisho aondoke ndipo amwulize kwa sauti ya chini kama kuna tatizo nyumbani. Mara ya kwanza kuniuliza mimi swali hilo nilishindwa kumjibu, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

Wapo majirani waliosema kwamba haya yote ni woga wa mzee anayetafuta pepo, na kwamba yatapita. Walinukuu methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, nami nilikubaliana nao kwa muda mrefu. Nilibadili mawazo mwanzoni mwa mwaka 2024, pale mvua kubwa zilipokwamisha uzalishaji wa sukari, bei mitaani ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, na serikali ikatangaza tena bei elekezi, safari hii kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa rejareja. Nilikwenda dukani nikitarajia neno lile lile la mwaka 2016. Kabla sijafika nikaona boksi limerudi kwenye nondo, likiwa na majina kwa wino mzito, na jina langu likiwamo. Nilisimama barabarani. Kwa kweli nilitaka kugeuka nirudi nyumbani.

Nilipokaribia nikasoma kichwa cha habari: HAWAJAPATA SUKARI. Alikuwa amepata mifuko miwili ya kilo 50, akakata shauri kwamba kila nyumba ya mtaa ipate nusu kilo kwa bei aliyonunulia yeye pamoja na faida ya shilingi mia, na kwa kuogopa kusahau mtu akaandika orodha ya ambao hawajaja. Kila aliyechukua alifutwa. Wenye migahawa walikuja na fedha zaidi wakakataliwa mchana kweupe. Bibi mwenye kisukari naye alikuwa kwenye orodha, na Mangi alipokumbushwa kwamba bibi hatumii sukari alisema kwamba wajukuu zake wanatumia. Siku ya tatu lilibaki jina moja tu, la fundi cherehani.

Fundi hakuja. Mpaka leo hanunui hapo, na anapopita huangalia upande wa pili. Nusu kilo yake ilikaa kwenye mfuko wa karatasi chini ya kaunta mpaka ikashika unyevu, na Mangi hakumpelekea nyumbani, kwa kuwa, aliniambia, alishajifunza kwamba kumfuata mtu mlangoni na kitu mkononi kunaweza kuwa njia nyingine ya kumdai. Namuunga mkono fundi katika haki yake. Alinyimwa unga akiwa na watoto watatu wadogo, na hakuna kanuni inayomlazimisha kupokea wema kwa wakati unaompendeza aliyemkosea. Tathmini hii haimwombi abadilishe njia.

Upungufu wa duka upo, na mwingine unatokana na wema wenyewe. Mangi hajui bado kiasi cha nyongeza. Anakupimia maharage, anaongeza kiganja, anakutazama, anauliza kama inatosha, kisha anaongeza tena, na saa kumi na mbili jioni watu kumi wakiwa kwenye foleni jambo hilo linachosha. Huwauliza watoto wa shule kama wamekula, na asiyekula hupewa andazi; ni jambo zuri, lakini watoto wangu wa darasa la tatu wamekwishalijua, na wanaosema hawajakula wameongezeka kuliko wenye njaa. Vijana wa kijiweni humkopa sigara bila kulipa. Kwa maoni yangu angewakatalia, na nimemwambia hivyo, akanijibu kwamba kukataa anakujua vizuri mno na anaogopa kurudi huko. Nilimwelewa, ingawa sikukubaliana naye. Malipo kwa simu yanapokelewa kupitia lipa namba aliyowekewa na mjukuu wake, ila husoma ujumbe wa uthibitisho polepole, kwa hiyo mwenye haraka aje na fedha taslimu. Mboga za majani zake hazifai baada ya saa sita mchana; nendeni Soko la Mbuyuni.

Kinachofaa kununuliwa hapa ni mchele wa Chekereni, unaotoka kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Moshi ya chini, yale yaliyochimbiwa mifereji kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Hauna mawe na una harufu yake. Ulezi wake umepepetwa vizuri, na wanaopika mbege, pombe ya Kichaga ya ndizi na ulezi, kwa ajili ya sherehe huagiza kwake. Siku za Jumanne na Ijumaa huletewa ndizi mchare kutoka mlimani, nazo ndizo zinazofaa kwa mtori, ila chagua mwenyewe kwenye mkungu kwa sababu hatakuzuia. Mwezi Desemba, watu wa Dar es Salaam wanapopanda kuja kula Krismasi nyumbani na mji ukajaa magari, maduka mengi hupandisha bei. Yeye mwaka jana hakupandisha, na matokeo yake alimaliza mchele tarehe 22. Agizeni mapema.

Duka hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa tatu na nusu usiku, Jumapili baada ya ibada. Benchi lipo upande wa kivuli. Akikupa haki yako, pokea na umuage kwa heri ya kawaida, kwa maana akisifiwa mbele ya watu huingia nyuma ya mifuko na foleni husimama.

Mayai nimeyaacha mwisho kwa sababu si ya duka hasa. Kuku wa marehemu bado wapo nyuma ya nyumba, na Mangi huwalisha mwenyewe kabla ya kufungua. Yai moja ni shilingi 400, na fedha yake haiingii kwenye droo. Inatumbukizwa kwenye kopo la majani ya chai lililo juu ya rafu, ambalo mweka hazina wa kikundi huja kulichukua kila mwisho wa mwezi na kuandika mchango kwa jina la mama yule. Yanaisha kabla ya saa tatu asubuhi, hivyo anayeyataka awahi.